Kutoka Kimara hadi Kariakoo kusaka waya wa TV ya chogo

Wakazi wa Dar es Salaam husema kitu usichokipata Kariakoo, ujue bado hakijatengenezwa. Kwa nguo, vyombo, simu na vitenge, hakuna atakayebisha. Lakini ukitaka kuupima msemo huo barabara, nenda na hitaji dogo la ajabu. Nenda ukaulizie waya wa umeme wa televisheni ya chogo, ile yenye mgongo mrefu nyuma, ambayo maduka mengi yaliacha kuiuza miaka mingi iliyopita.

Hitaji hilo ndilo lililotutoa nyumbani Kimara Jumamosi moja asubuhi, mimi na mwanangu wa kiume anayesoma darasa la sita.

Televisheni yenyewe ni ya mama yangu, yaani bibi yake, anayeishi nasi. Ni ya inchi 21. Marehemu baba aliinunua kwa fedha za kiinua mgongo, wakati ambapo televisheni ilikuwa bado kitu kigeni huku Bara. Wazazi wa rika langu watakumbuka. Zanzibar walianza kutazama televisheni ya rangi tangu 1973, lakini Bara tulisubiri hadi 1994 vituo binafsi vilipoanza kurusha matangazo. Nyumba yenye TV ikawa ya mtaa mzima. Watoto walikaa mkekani, wakubwa kwenye viti, na waliochelewa walitazamia dirishani.

TV hiyo imevuka mengi. Usiku wa Desemba 31, 2012, mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam, wengi walidhani chogo zote zimekwisha. Kikanunuliwa king'amuzi, zikachomekwa zile nyaya tatu za njano, nyekundu na nyeupe, maisha yakaendelea. Haikushindwa na dijitali. Iliyemshinda ni panya.

Tulimgundua wakati wa kufagia nyuma ya kabati. Waya ulikuwa umetafunwa sehemu mbili, ganda limetoka, nyuzi za ndani ziko nje zinang'aa. Hapohapo tulizima swichi ya ukutani na kuchomoa plagi. Bibi akaambiwa TV imepumzishwa.

Kumbe yeye hakupumzika. Kila ikikaribia saa mbili usiku alijitanda kanga, akachukua fimbo yake na kuvuka barabara kwenda kwa jirani kutazama taarifa ya habari. Ana miaka 78. Barabara ile haina taa, na bodaboda hupita hapo kama zinakimbizwa. Wiki mbili nzima, mmoja wetu alilazimika kumsindikiza na kumsubiri.

"Mama, si tununue flati tu?" nilimuuliza.

"Flati nunueni yenu," alijibu. "Hii ya baba yako haijaniambia imechoka."

Ushauri wa fundi wa mtaani

Mzazi mwenzangu, kabla ya kwenda dukani ilibidi TV ifunguliwe, na kazi hiyo si ya baba wala mama mwenye bisibisi. Ndani ya TV ya chogo, kioo huendeshwa kwa umeme wa volti zipatazo 20,000 na zaidi. Hata ukichomoa plagi, sehemu ya umeme huo huweza kubaki ndani kwa muda mrefu ukisubiri mkono wa mtu. Fundi anayejua kazi huumwaga kwanza kwa utaratibu wake ndipo aguse kitu kingine.

Tulimwita kijana mwenye kibanda cha kutengeneza redio na TV jirani na kituo cha bodaboda. Aliifungua sebuleni, watoto wakiwa wameambiwa wakae mbali, akautoa waya mzima na kunikabidhi mkononi.

"Dada, hapa kwangu nina waya wa taa tu, na huo hauwekwi kwenye TV," alisema. "Nenda Kariakoo na huu wa zamani. Usiwaelezee kwa mdomo, waonyeshe. Waambie unataka wa nyuzi mbili, shaba tupu, unene wa 0.75, na plagi iliyofungwa kiwandani, siyo ya kufunga kwa skrubu."

Kisha alituonyesha kibandiko nyuma ya TV na kutuambia tukipige picha kwa simu. Kilikuwa na maandishi madogo ambayo mimi kwa miaka yote nilikuwa nikiyafuta vumbi tu. Kumbe ndicho cheti cha kuzaliwa cha TV. Kimeandikwa volti inazohitaji na wati inazotumia. Ya kwetu ilisoma volti 220 hadi 240, na wati 85.

Safari ya mwendokasi

Tulipanda mwendokasi Kimara Mwisho, tukabahatika kupata kiti kimoja na nusu. Mwanangu alikaa dirishani, waya wa zamani ukiwa ndani ya mfuko wa plastiki mapajani. Alihesabu vituo: Ubungo, Shekilango, Manzese lenye daraja la waenda kwa miguu, Magomeni. Tulipofika bonde la Jangwani alinyamaza, kwa sababu anakumbuka jinsi mvua kubwa zinavyoligeuza eneo hilo kuwa mto na mabasi kusimama. Siku hiyo kulikuwa kukavu. Basi likapita, likakunja Fire na kuingia Mtaa wa Msimbazi.

Njiani aliniuliza kwa nini paitwe Kariakoo. Ni swali zuri kwa mtoto, na jibu lake si la soko. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walikusanya Waafrika kwa maelfu kuwa wapagazi wa jeshi. Walibeba risasi, chakula na majeruhi, na wengi mno hawakurudi makwao. Kikosi hicho kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Baada ya Waingereza kuiteka Dar es Salaam mwaka 1916, wapagazi walipiga kambi eneo hili. Ndimi za watu zikalainisha jina lile la kigeni, likabaki Kariakoo hadi leo.

Jengo la soko lenyewe, lenye paa la zege mfano wa miavuli iliyogeuzwa, lilifunguliwa mwaka 1975. Mchoraji wake ni msanifu Mtanzania, Beda Amuli. Moto mkubwa uliliunguza Julai 2021. Nilimwambia hayo mwanangu huku tukishuka, na yeye akauliza papo hapo, "Ulianzia kwenye waya?" Nilimjibu kwamba moto wa mahali pengi huanzia kwenye waya, ndiyo sababu sisi tuko hapa.

"Hizo hazipo siku hizi"

Kariakoo ya Jumamosi haitembewi, unabebwa nayo. Mikokoteni inapiga kelele kuomba njia, wapiga debe wanakuvuta mkono, spika za matangazo zinataja bei ileile mara mia. Nilimshika mwanangu kiganja, naye kaushika mfuko wake.

Duka la kwanza tuliloingia lilikuwa na TV za flati ukuta mzima, zote zikionyesha samaki wa rangi. Kijana wa mauzo aliutazama waya wetu kwa huruma.

"Mama, hizo hazipo siku hizi. Chukua hii ya inchi 32, unalipa kidogo kidogo."

Duka la pili walitupa jibu hilohilo kwa maneno mengine. La tatu hawakujibu.

Nje, barazani, machinga mmoja alituona na kutuita. Mbele yake kulikuwa na rundo la nyaya nyeusi zilizofungwa kwa mpira. "Huu hapa, shangazi, elfu mbili tu, unatoka nao." Ulikuwa na plagi ya pini tatu na urefu wa kutosha, lakini mkononi ulikuwa mwepesi kama uzi wa kushonea magunia. Mwanangu aliupima na ule wa zamani, mmoja kila mkono, kama mtu anayepima embe.

"Mama, huu wa panya ni mzito," alisema.

Tulimshukuru yule kijana, tukaendelea.

Kilichotusaidia ni fundi wa simu aliyekaa ngazini. Hakutuuzia kitu. Alitazama waya, akaelekeza kwa kidole uchochoro kati ya maghorofa mawili. "Ingieni mle, duka la mwisho kulia. Kuna mzee. Yeye ndiye anayejua vitu vya zamani."

Duka la mzee

Duka halizidi upana wa kitanda. Kuta zake zimejaa vidroo vidogo hadi darini, kila kimoja kimegundishwa kipande cha kilichomo: fyuzi, swichi, vishikizo vya taa, rimoti. Roli za waya zimening'inia kama mikungu ya ndizi.

"Shikamoo mzee," mwanangu alisalimia.

"Marahaba mjukuu wangu. Umeniletea nini?"

Alimpa mfuko. Mzee akautoa waya, akaupitisha katikati ya vidole viwili kutoka mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayekagua rozeti ya kanzu. Aliposikia panya alicheka. Kisha, badala ya kutaja bei, alimwuliza mtoto, "Unajua nyaya za umeme zina midomo mingapi?"

Somo alilolitoa pale kaunta ndilo lililonifanya niandike ukurasa huu, maana kila nyumba ina nyaya hizo na wachache wetu tunazitofautisha.

Mdomo wa kwanza ni ule mdogo wa matundu mawili, unaofanana na namba nane. Ndio wengi wanaouita waya wa redio. Hutumika kwenye redio, deki na TV nyingi za flati. Umetengenezwa kubeba umeme usiozidi ampea 2.5.

Wa pili ni wa matundu matatu yaliyokaa kama jani la maua, unaoonekana kwenye chaja za kompyuta mpakato. Nao ni wa ampea 2.5.

Wa tatu ni ule mkubwa wa matundu matatu, maarufu kama waya wa kompyuta. Baadhi ya flati za zamani, hasa zile nzito, huutumia. Huu hubeba hadi ampea 10.

Vipimo hivi, alisema, ni vya dunia nzima. Ndiyo maana waya wa TV ya kampuni moja huingia kwenye TV ya kampuni nyingine, na mtu hana haja ya kuhangaika kutafuta jina lilelile. Anachotakiwa ni kuulinganisha mdomo.

"Sasa huu wenu hauna mdomo," mzee aliendelea. "Umezaliwa ndani ya TV. Chogo nyingi ziko hivyo. Ndiyo sababu vijana wa huko mbele wanasema haupo. Hawasemi uongo, wanatafuta mdomo ambao haupo. Huu hauuzwi kama waya wa TV. Unauzwa kama waya mzuri wenye plagi, na fundi anauunga ndani."

Basi wiki mbili za giza la bibi zilikuwa zimekaa katika sentensi hiyo moja.

Shaba au rangi ya shaba?

Mzee aliinama chini ya kaunta, akatoa kipande cha waya kilichofanana kabisa na kile cha elfu mbili. Alisema huwa anakiweka kwa ajili ya kuwaonyesha wateja. Alikata ncha, akachambua unyuzi mmoja na kuukwangua taratibu kwa wembe. Juu ulikuwa mwekundu wa shaba, lakini ulipokwanguliwa ndani ukatokea mweupe.

"Hii ni alumini iliyopakwa shaba," alisema. Kisha akakwangua unyuzi wa ule wa panya. Mwekundu juu, mwekundu ndani.

Tofauti hiyo si ya urembo. Alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 60 tu ya shaba ya unene uleule. Pia huchoka na kukatika upesi inapokunjwa mara kwa mara, na kwenye kiungo chake hulegea na kupata joto. Waya wa TV hukaa nyuma ya kabati, karibu na pazia, mahali ambapo hakuna anayechungulia. Joto likianza pale, wa kwanza kulijua huwa ni pazia.

Alitoa pia sumaku ndogo. Shaba haishikwi na sumaku, wala alumini. Lakini kuna nyaya nyingine ambazo ndani ni chuma kilichopakwa rangi, na hizo hunaswa papo hapo. Mwanangu aliijaribu sumaku ile kwenye kila kitu kilichokuwa karibu, pamoja na kalamu ya mzee.

Halafu tukahamia kwenye maandishi. Ganda la waya halali huwa limepigwa chapa kwa herufi ndogo: idadi ya nyuzi, unene wake kwa milimita za mraba, na viwango uliopimwa. Wa kwetu mpya uliandikwa 2 x 0.75. Yaani nyuzi mbili, kila mmoja wa unene wa milimita za mraba 0.75, ambao hubeba hadi ampea 6.

Ni nyingi mno kwa TV, na mzee alimfanya mtoto ahesabu mwenyewe. Wati 85 gawanya kwa volti 230. Mwanangu alitumia simu yangu, ikatoka 0.37. TV ya bibi haifikishi hata nusu ya ampea moja.

Fyuzi ni mlinzi wa waya

Ndani ya plagi ya pini tatu, ile ya mtindo wa Uingereza tunayoitumia Tanzania, hukaa fyuzi. Wengi wetu tunadhani kazi yake ni kuilinda TV. Mzee alisema hapana, kwanza inaulinda waya. Ikitokea hitilafu na umeme mwingi ukapita, fyuzi hukatika kabla waya haujayeyuka.

Plagi nyingi madukani huja na fyuzi ya ampea 13. Hiyo ni ya pasi, birika na jiko. Ukiiweka kwenye waya mwembamba wa TV, waya utaungua mlinzi akiwa bado amelala. Mzee aliifungua ile ya waya wetu, akatoa ya 13 na kuweka ya 5.

"Kwa nini siyo ya 3?" mtoto aliuliza, maana ameshapiga hesabu.

"Chogo ikiwashwa hunywa funda moja kubwa la umeme kwa nukta chache, ndipo inatulia," alijibu. "Ya 3 inaweza kukatika kila unapowasha. Redio ndogo na taa ya mezani, hizo wekea ya 3."

Aliongeza onyo kwa wanaofunga fyuzi kwa karatasi ya sigara au kipande cha waya pale inapokatika. Huko ni kumfunga mlinzi kamba na kufungua geti.

Kalamu kwenye soketi

Waya wa zamani wa bibi ulikuwa na plagi ya pini mbili za mviringo. Soketi zetu za ukutani zina matundu matatu, na yale mawili ya chini yana vifuniko vidogo ndani. Pini ndefu ya juu inapoingia ndiyo inayovifungua. Vimewekwa hivyo makusudi ili mtoto asiweze kuingiza kijiti au kidole cha kuchezea.

Plagi ya pini mbili haina pini hiyo ya juu. Sasa nyumba nyingi hufanya nini? Mtu huchukua kalamu au bisibisi, akaichokonoa kwenye tundu la juu, vifuniko vikafunguka, akasukuma pini mbili.

Mzee aliuliza bila kumtazama mtu, "Nyumbani nani huwa anaichomeka TV?"

Mwanangu aliinua mkono nusu. "Mimi. Bibi huniambia leta kalamu."

Nilihisi baridi. Wakati huo alikuwa na dada yake wa miaka minne nyumbani, ambaye kila afanyalo kaka yake naye hulifanya. Mtoto wa umri huo hajui tofauti ya tundu la juu na la chini, wala ya kalamu ya plastiki na msumari.

Waya mpya una plagi ya pini tatu. Kwa kuwa nyuzi zake ni mbili, pini ya juu ni ya plastiki, na hilo si kosa. Kazi yake ni kuvifungua vifuniko tu. Ila kwa waya wa nyuzi tatu, kama wa kompyuta, pini ya juu lazima iwe ya chuma, na iwe tupu hadi kwenye shina. Pini mbili za chini ndizo zinazovalishwa plastiki nusu, ili kidole kisiguse chuma plagi ikiwa imeingia nusu. Ukikuta pini ya juu ya chuma nayo imevalishwa plastiki kama wenzake, irudishe. Aliyeitengeneza hakujua alichokuwa anakiiga.

Kama TV imetoka ng'ambo

Kabla hatujalipa, mzee aliomba kuiona ile picha ya kibandiko. Alisema haruhusu mtu kuondoka na waya bila kukisoma, kwa sababu mara nyingi huletewa nyaya zenye pini bapa mbili za TV zilizotumwa na ndugu wa Marekani au zilizokuja na mizigo ya mitumba kutoka Japani.

Umeme wa Japani ni volti 100, wa Marekani ni 120. Wa kwetu ni 230. Kubadilisha waya na plagi hakubadilishi volti. Kama kibandiko kinasema 100 hadi 240, TV hiyo inakubali kote, badilisha waya uendelee. Kama kinasema 100 au 120 peke yake, inahitaji transfoma ya kushusha umeme. Ukiichomeka hivyohivyo utasikia mlio mmoja tu.

Na zile flati ndogo zinazotumia chaja yenye kibunda katikati, pamoja na za sola, zina sheria yake. Volti za chaja mpya ziwe sawasawa na za zamani, ampea ziwe sawa au zaidi, na chanya na hasi za ncha yake zikae upande uleule. Mchoro wake upo kwenye kibandiko.

Bei ilikuwa shilingi 9,000, pamoja na fyuzi. Tuliomba risiti, tukapewa. Ni mara nne na nusu ya bei ya barazani, na bado ni ndogo kuliko nauli na chakula cha mtu mmoja kwenda hospitali kuuguza jeraha la moto.

Saa mbili kasoro dakika tano

Fundi wa mtaani alikuja jioni ileile. Aliukagua waya, akaukwangua naye kwa wembe, mwanangu akamwambia kwa kiburi kwamba tayari tumekwisha kuukwangua. Aliuingiza kupitia tundu lake la nyuma, akaubana kwa kishikizo ili hata ukivutwa usichomoke ndani, akauchomelea kwa risasi na kufunga. Malipo yake yalikuwa shilingi 10,000.

Waya haukurudi chini ya kabati. Tuliupitisha ukutani kwa vibanio, juu ya mahali panya wanapopita, na kabati tukalisogeza mbele kiganja kimoja ili tuweze kuchungulia nyuma yake. Mtego umewekwa pia.

Ilipofika saa mbili kasoro dakika tano, mama alikuwa amekwisha kujitanda kanga yake. Mjukuu alimwambia akae. Akachomeka plagi mwenyewe, pini zote tatu kwa mpigo, akabonyeza swichi. Chogo ikalia ule mlio wake mwembamba, ikakaa gizani kidogo, kisha picha ikafunguka taratibu.

Mama alitazama taarifa ya habari yote bila kusema neno. Ilipofika michezo aliuliza, "Kalamu mmeiweka wapi?"

"Haihitajiki tena, bibi," mwanangu alimjibu, akaanza kumweleza habari za vifuniko.

Kabla hujapanda basi

Mzazi, kama nawe una TV ya zamani iliyopoteza waya, haya ndiyo ya kubeba.

Piga picha ya kibandiko cha nyuma, isome volti na wati. Beba waya wa zamani, hata kama umekatika. Kama haupo, piga picha ya tundu unapoingia. Kama TV haina tundu kwa sababu waya hutokea ndani, anza kwa fundi, usianze dukani, na usiifungue mwenyewe.

Dukani, shika waya uupime uzito. Soma maandishi kwenye ganda. Omba kuona rangi ya ndani ya unyuzi. Fungua kifuniko cha fyuzi uhakikishe fyuzi imo, kwa sababu kuna plagi zinazouzwa bila hiyo. Ukikuta bidhaa unayoamini ni hafifu au bandia, TBS na Tume ya Ushindani ndizo zenye kazi ya kuifuatilia, na risiti yako ndiyo ushahidi.

Nyumbani, zunguka na watoto chumba hadi chumba mkikagua nyaya zote. Ulioviringishwa tepu, uliopita chini ya zulia, unaopata joto ukiushika, uwekeni kando. Sisi tulipata mitatu. Mmoja ulikuwa wa pasi, na pasi hiyo sasa imewekwa juu ya kabati ikisubiri Jumamosi nyingine, kwa sababu mwanangu amekwisha kusema yeye ndiye atakayeongoza njia hadi dukani kwa mzee.